Hodi, Kitanda cha Kumi na Moja

Moyo wa baba mkwe wake ulianza kukimbia saa tatu na dakika nne asubuhi, kama Jumamosi, na kama Ijumaa.

Atuganile alikuwa amekaa kwenye stuli kando ya kitanda cha tatu, wodi ya wanaume, toroli la dawa likiwa limesimama mbele ya magoti yake. Alikuwa akizungumza na Lwitiko, fundi baiskeli mwenye kisukari na maneno mengi.

"Dada mfamasia, punje yangu imekushtaki tena?"

"Imeniambia tu. Imesema jana jioni kuna mtu amekunywa pombe ya komoni."

"Kikombe kimoja! Cha mgeni!"

"Punje haijui mgeni, kaka Lwitiko. Inajua sukari."

"Basi mmenitia mke wa pili mkononi," alisema Lwitiko, akijipapasa chini ya bega, mahali punje ya dawa ilipolala chini ya ngozi, ndogo kama ya mtama. "Wa kwanza akilala, huyu yuko macho."

Wagonjwa wa jirani walicheka. Atuganile naye alicheka, akamwongezea kidogo dawa ya asubuhi kwa kugusa ubao wa kioo uliokuwa umening'inia kifuani mwake. Hapo ndipo ubao ulipotetemeka. Kitanda cha kumi na moja. Mstari wa kijani uliokuwa ukienda polepole kwenye sabini na kitu ulikuwa umeruka: mia na kumi, mia na ishirini na tano, mia na thelathini na mbili.

Alitazama mwisho wa wodi. Pazia la kitanda cha kumi na moja lilikuwa limefungwa, kama linavyofungwa kila anapoingia. Alivuta kanga kichwani mpaka kwenye nyusi, akageuza uso upande wa madirisha, na akiwa palepale kwenye stuli akafungua dawa ya kutuliza moyo kwa ngazi moja zaidi. Kutoka ya tano kwenda ya sita. Ilikuwa mara ya nne tangu mzee aletwe.

"Pole baba," alisema kimoyomoyo. Mstari ulishuka. Akashusha pumzi.

Zamani, mama yake alizoea kumsimulia, mfamasia ulimjua kwa mkono tu: mkono uliotoka dirishani na bahasha ya karatasi, na sauti iliyosema moja mara tatu. Siku hizi daktari anataja ugonjwa, basi, kazi yake imeisha. Aliye kando ya kitanda ni mfamasia. Ndiye anayeuliza umekula nini, umelala vipi, nani anakuudhi nyumbani. Ndiye anayefungua punje na ndiye anayefunga. Kufungua anaweza hata akiwa kilomita mia, ilimradi ana ubao. Watu walioitengeneza walisema dawa isicheleweshwe na mwendo wa miguu.

Hospitali ile ya milimani, kwenye mvua na migomba, ilikuwa na mfamasia mmoja na vitanda ishirini vya wanaume. Kumi na tisa Atuganile alivikalia stuli. Kimoja, cha kumi na moja, alikijua kwa ubao tu.

Kwao mkaza mwana hatazamani na baba mkwe. Hampi mkono, haingii chumba alichomo, hamsalimii njiani. Akimwona kwa mbali anaingia mgombani mpaka apite. Kwa miaka sita ya ndoa Atuganile alimjua mzee Mwandambo kwa kikohozi chake, kwa mgongo wake mrefu, na kwa mihogo mikubwa aliyokuwa akiiacha mlangoni mwa jiko lao bila kusema imetoka kwa nani. Mzee alipoletwa na moyo mbovu, mama mkwe alimvuta Atuganile nyuma ya jengo la kufulia.

"Mwanangu, dawa umpe. Lakini usimwaibishe baba yenu mbele ya watu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Na alikuwa amesikia. Ya kuulizwa aliyauliza kwa mdomo wa nesi. Mwenyewe alipita wodini na kanga usoni, na ubao ukamwambia yaliyobaki. Usiku anajua mzee amelala saa ngapi. Asubuhi anajua amekunywa uji au hajanywa. Wakati mwingine, akiwa peke yake dirishani, aliutazama ule mstari wa kijani na kuona kama anamtazama mzee akitembea taratibu shambani kwake, na moyo wake yeye ulitulia.

*

Jumanne mzee alianguka.

Ilikuwa saa tatu na dakika sita. Atuganile alisikia kishindo kutoka upande wa vyoo, kisha sauti ya nesi Koku ikiita wanaume wawili wasaidie. Alisimama katikati ya wodi ameshika toroli, hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi. Wagonjwa walimtazama. Alitoka nje, akaegemea ukuta, akasoma ubao. Moyo mia na arobaini. Presha themanini kwa arobaini na tano.

Daktari Kiwelu alikuwa mjini, sura yake kwenye kioo cha ofisini, ana haraka lakini si mkali.

"Moyo ulikimbia, akaanguka," alisema. "Na umekimbia hivyo karibu kila siku. Peleka ngazi ya saba."

"Daktari, presha iko chini sana."

"Iko chini kwa sababu moyo unakimbia ovyo. Ukiutuliza, presha itapanda."

"Na isipopanda?"

"Wewe ndiye uliye naye hapo, Atuganile. Mimi naona namba. Ukikataa, andika sababu. Lakini uamue kabla ya saa sita, hatuwezi kumwacha hivyo."

Kioo kilizima. Atuganile alikaa. Wenzake wa chuo walizoea kumcheka kwamba ni mzito wa kuamua, na kweli alikuwa mzito, alikuwa mtu wa kutazama kitu mpaka kitu kichoke. Alizitandaza siku za mzee ubaoni, mstari chini ya mstari. Jumatatu, kuruka saa tatu. Jumanne, saa tatu. Jumatano, kuruka saa mbili. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, saa tatu. Jumapili mstari ulikuwa umelala kama maji ya bwawani tangu alfajiri mpaka jioni.

Ugonjwa gani unaoheshimu Jumapili?

Alijiuliza mwenyewe Jumapili alikuwa wapi. Kanisani. Na Jumatano saa mbili? Alikuwa wodini. Siku hiyo alipita mapema kwa sababu ya kikao.

Alitoka kwenda kumtafuta Koku, akamkuta akibadilisha maji ya dripu kwenye wodi ya watoto.

"Koku, baba mkwe huwa anafanya nini nikiingia wodini?"

"Mzee? Anaenda chooni."

"Kila siku?"

"Kila siku! Akisikia tu kengele ya toroli lako, huyo, anashuka. Namwambia mzee ngoja nikushike, hangoji. Mimi nilidhani ni ile dawa yenu ya kukojoza." Koku aliona uso wa mwenzake, akaacha kucheka. "Nini, Atu?"

"Pazia lile. Nyuma yake huwa hakuna mtu."

"Hakuna. Anakaa kule chooni amesimama mpaka uondoke. Siku moja nilimkuta ameshika ukuta anahema."

Atuganile alikalia kitanda cha mtoto aliyekuwa ametoka. Punje ilijua kwamba moyo umekimbia. Haikujua kwamba miguu imekimbia. Mzee wa miaka sabini na tatu, mwenye moyo mbovu, alikuwa akishuka kitandani kwa haraka kila asubuhi ili mkaza mwana wake apite bila aibu. Na yeye, adabu ile aliisoma kama ugonjwa, akamwongezea dawa. Ngazi ya pili ilimtosha. Sasa alikuwa na ya sita mwilini, ndiyo iliyomshusha presha, ndiyo iliyomwangusha. Ya saba ingemlaza moja kwa moja.

"Basi punguza," alisema Koku alipoelezwa. "Si una ubao?"

"Kwa ubao inashuka ngazi moja kwa siku. Wameifanya hivyo ili mtu asije akamfungia mwenzake moyo akiwa mbali. Mpaka irudi ya pili ni siku nne. Kwa presha ile, sijui kama anazo. Ya haraka ni kufunga kabisa, na kufunga kabisa kunataka kidole cha mfamasia juu ya punje. Ngozi kwa ngozi. Halafu punje inalala saa nzima, ubao unakuwa kipofu, lazima mtu ahesabu mapigo kwa vidole."

"Mfamasia mwingine?"

"Wa karibu anaweza kufika kesho jioni."

Koku alikuwa Mhaya, ameolewa kwingine, na mambo ya watu wa huku aliyaona kama mchezo wa kuigiza. Lakini alimpenda Atuganile. Alisogea karibu.

"Sikiliza. Nampa kitu kidogo cha usingizi. Kidogo tu. Akilala, unaingia, unagusa, unatoka. Mapigo nahesabu mimi. Hatajua kama ulikuja, mama mkwe hatajua, na hilo kosa la ngazi unaliandika upendavyo. Nani ataumia?"

Lilikuwa shauri jema. Atuganile alilipima, na lazima isemwe kwamba alilitamani. Aliona jinsi siku ingeisha: mzee amepona, heshima imebaki, yeye amerudi dirishani kwake. Akajiangalia vidole.

"Koku, mimi nimejizuia kuingia kwenye pazia lake nikasema namheshimu. Lakini kwenye damu yake nimeingia mara nne. Sikubisha hodi hata mara moja."

"Ndiyo kazi yenyewe, Atu. Wote mnafanya hivyo."

"Najua. Na sasa unataka niingie mara ya tano, tena amelala."

Koku alimfuta mtoto mmoja kamasi, akasema bila kumtazama, "Haya. Mimi nitasimama mlangoni nizuie watu."

*

Kwanza alimwandikia daktari. Maneno yalikuwa machache: Nakataa ngazi ya saba. Sababu: mgonjwa alikuwa akikimbia kunipisha, mfamasia akadhani ni ugonjwa. Kosa ni langu. Akayatuma kabla mkono haujasita.

Kisha aliacha toroli na kengele yake nje ya wodi, akavua viatu, akatembea kati ya vitanda na kanga kichwani. Lwitiko alifungua mdomo atanie, akaufunga. Wengi wodini walikuwa watu wa huku, walijua anaenda wapi.

Alisimama mbele ya pazia.

"Hodi."

Kitanda kikalia, kama mtu anayejaribu kujiinua.

"Baba, usiinuke! Nakuomba, usiinuke. Ni mimi. Nimekuja kukuuliza jambo. Ukisema nisiingie, nitasema hapahapa, ukisema niondoke, nitaondoka."

Alisikia pumzi fupi fupi. Halafu ile sauti aliyoijua kwa kikohozi tu ikasema, chini, "Ngoja nigeukie ukutani."

Aliingia kinyumenyume. Akapapasa stuli kwa mguu, akaketi, mgongo wake kwa mgongo wa mzee.

"Nimekaa, baba."

"Nimegeuka, mwanangu. Sema."

"Baba, kwa nini kila siku ulikuwa unakimbilia chooni?"

"He!" Mzee alishangaa swali lenyewe. "Sasa ningefanyaje? Una wagonjwa ishirini. Nikibaki hapa utapitaje kwa raha? Nikasema, mimi sina kazi, mwenye kazi ni yeye, nimpishe." Alipumzika, akahema. "Shida ni kitanda chenu. Kirefu. Unashuka kama unatoka kwenye mparachichi."

Atuganile alitaka kucheka, machozi yakawahi.

"Mimi ndiye niliyekuangusha, baba. Niliona moyo unakimbia, nikasema ni ugonjwa, nikakufungulia dawa. Mara nne. Dawa ni nyingi mno mwilini mwako sasa, na ni mimi. Sikukuuliza hata mara moja."

Nje ya pazia mtu alikohoa.

"Mara nne," alisema mzee.

"Mara nne, baba."

"Na mimi nimelala hapa sijui." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuta nyayo uani mwake asubuhi. "Nilidhani kifo kinanipima. Kumbe ni wewe."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanza. Unataka kufanya nini sasa? Maana hukuja kuniomba msamaha tu, ungemtuma yule nesi mcheshi."

Akamweleza, polepole, njia zote mbili. Ya siku nne, wasionane, kila mtu na heshima yake, na hatari ya kuanguka tena. Na ya sasa hivi, kidole chake juu ya mkono wa mzee, saa nzima ya vidole mshipani. Hakuficha kitu. "Dawa ikifungwa ghafla, moyo unaweza kukurupuka. Mara nyingi hutulia. Si mara zote."

"Na ukikurupuka?"

"Nitakuwa hapa."

"Gwakisa anajua?"

"Mume wangu hajui. Wala mama hajui. Nimeanza na wewe."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Hilo nalo ni heshima," alisema. Akakaa akifikiri. Atuganile hakumharakisha. Ubaoni presha ilikuwa imeshuka tena kidogo, naye alimwacha mzee afikiri, na lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyofanya siku ile.

"Mtu akija mlangoni kwangu akabisha hodi," alisema mzee hatimaye, "sijawahi kumwacha nje. Shika."

Mkono ulikuja nyuma, ukipapasa hewa. Atuganile alipeleka wake nyuma, ukaukuta. Ulikuwa mkavu, mzito, una sugu za jembe. Alipanda nao taratibu mpaka chini ya bega, akaipata punje, akaweka kidole gumba.

"Nafunga sasa, baba."

"Funga."

Ubao uliingia giza.

Alishuka mpaka kwenye kifundo, akabana mshipa kwa vidole vitatu, macho kwenye saa yake, akaanza kuhesabu kwa sauti ili asipotee. Dakika ya kwanza, sabini na mbili. Ya tano, tisini. Ya tisa moyo ulikurupuka kweli, ukawa unagonga vidole kama mvua ya ghafla kwenye bati, mia na kumi na nane, mia na ishirini na nne, na katikati kulikuwa na mapengo, sehemu ambapo hakuna kitu, naye alisubiri kwenye kila pengo akiwa ameacha kupumua.

"Uko hapo?" aliuliza mzee.

"Niko hapa. Thelathini na tatu, thelathini na nne..."

Sauti ya Koku ikasikika mlangoni, inazuia, kisha inashindwa. Pazia likafunguliwa. Mama mkwe alisimama na chupa ya uji mkononi. Aliona mgongo wa mumewe, akaona mgongo wa mkaza mwana, akaona mkono mmoja ndani ya mwingine.

"Atuganile!"

"Arobaini na moja, mama, usiniache nipotee, arobaini na mbili, arobaini na tatu..."

Mama alitazama midomo ya yule msichana ikitetemeka kwenye namba. Alitazama shingo ya mumewe, jasho lilivyokuwa likitiririka. Wodi nzima ilikuwa imesimama inachungulia. Aligeuka, akalivuta pazia, akalifunga yeye akiwa ndani, akaketi miguuni mwa kitanda. Namba ilimkwama Atuganile kwenye sitini, kichwa chake tu kikaendelea kuitikia kila pigo.

"Sitini na moja," alisema mama, akikifuata kile kichwa.

"Sitini na mbili," alisema mzee kutoka ukutani.

Wakahesabu hivyo, watatu, mpaka mapengo yakajaa. Mia na kumi. Tisini na nane. Themanini na tano. Waliendelea kuhesabu mpaka saa nzima ikaisha.

Ubao ulipoamka, mstari wa kijani ulianza upya, umenyooka. Atuganile aliusoma mara mbili.

"Baba, ubao umeamka. Nakuachia mkono."

Mzee hakuurudisha mkono wake.

"Huo ubao unasemaje?"

"Sabini na sita."

"Na vidole vyako?"

Alitazama saa, akafumba mdomo, akahesabu dakika nzima, wala hakuna aliyemharakisha.

"Sabini na sita, baba."

"Basi," alisema mzee Mwandambo, "andika hiyo ya kwako."